Nyuzi Nane na Jina la Mtunzi

Katika nchi ya Usukuma, kuanzia viunga vya Mwanza hadi Magu na Kwimba, mtunzi wa nyimbo hakuwa hata siku moja mtu wa kufichika. Manju akisimama uwanjani mbele ya wachezaji wake, awe wa chama cha ngoma cha Bagika au cha Bagalu, hutaja jina lake, hutaja ukoo wake, hutaja kijiji alikotoka na wapinzani aliokwisha kuwashinda, na watu walioacha majembe yao ili waje kumsikiliza hujua barabara kwamba maneno yale hayakujiotea yenyewe kama majani ya mvua za kwanza, bali yalikesha katika fikira za mtu mmoja mwenye jina. Kule Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha katika miaka ya 1950 kituo kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma, michezo ya Bulabo ya mwezi wa Juni imekwenda kwa kanuni hiyo hiyo: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, na ushindi humwendea yule ambaye umati umemkimbilia.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nataka kumzungumzia mtunzi mwingine wa ziwa letu, wa pwani ya kaskazini, ambaye walimwengu waliipenda mno sauti yake, kisha wakamnyima kile ambacho manju wa Kisukuma hupewa kabla hajafungua kinywa. Jina alilozaliwa nalo ni Job Seda. Jina alilojulikana nalo ni Ayub Ogada. Wimbo wake wa Kothbiro wanaufahamu hata watu ambao hawajui neno lolote la Kijaluo, na mara nyingi nimemsikia mtu mwenye elimu na busara yake, hapa hapa Mwanza, akisema kwa taadhima kwamba huo ni wimbo wa kale, wa wahenga, usio na mwenyewe. Kauli hiyo husemwa kwa nia ya kusifu. Mimi naiona kuwa ni dhuluma, na dhuluma inayovaa kanzu ya sifa ni ngumu kuitambua kuliko ile inayokuja uchi.

Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956, katika aila ya Kijaluo ambayo muziki ulikuwa ndani yake desturi ya nyumbani na chumo pia. Baba na mama walikuwa wanamuziki, na alipokuwa mtoto mdogo, wa umri wa kuanza shule, walimchukua hadi Marekani, ambako walipita katika vyuo wakiwaonyesha wanafunzi nyimbo na ngoma za kwao. Walirejea Kenya, naye akatiwa katika shule za bweni za mtindo wa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto huyu alionja mapema hali mbili ambazo wengi wetu huonja moja tu: kuutazama utamaduni wa wazazi wake ukiwa jukwaani, mbele ya macho ya wageni wanaostaajabu, na kuutazama utamaduni wa wageni akiwa ndani yake, darasani na bwenini, kama mkaazi. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi tena kupiga ala ya babu yake bila kujua kuwa anaipiga. Kila mkao, kila uzi, kila neno kwake ni uchaguzi, na uchaguzi ndio mwanzo wa utunzi.

Ujana wake aliupitisha Nairobi, katika miaka ambayo muziki wa roki ulikuwa umeanza kulainika. Kule Marekani walikuwa wametokea watunzi walioziacha kelele za majukwaa makubwa, wakaketi na gitaa au kinanda, wakaimba mambo ya nafsi zao kwa sauti ya mazungumzo. Santuri ya Tapestry ya Carole King, ya mwaka 1971, ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo chao. Nairobi ilikuwa mji ulioufungulia muziki wa namna hiyo milango yote. Upande wetu wa mpaka mambo yalishika njia nyingine: mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakiona kuwa unaharibu mwenendo wa vijana wa taifa changa, na hima kubwa ikatiwa katika ngoma za jadi na bendi za Kiswahili. Sisemi hayo kwa kulaumu, maana bendi zetu zilistawi chini ya kivuli hicho kwa namna ambayo za Kenya huenda hazikujaliwa. Nayasema ili msomaji wa Mwanza aelewe kwamba wakati vijana wa hapa walikuwa wakikua na magitaa ya dansi na maneno ya ujamaa, vijana wa Nairobi, mwendo wa siku moja na nusu kutoka hapa, walikuwa wakijifunza roki kwa gitaa za umeme na hawakuona sababu ya kuomba radhi.

Kikundi kimoja cha vijana hao kilijiita Black Savage, na Job Seda alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1976 kikundi hicho kilitoa wimbo wa Kothbiro, na utunzi wake umefungamana na jina la mwenzi wa Seda, James Mbarack Achieng. Namwomba msomaji atue hapa kidogo, kwa kuwa ndipo lilipo shina la hoja yangu. Wimbo ambao watu wamezoea kuudhania kuwa umetoka katika vumbi la karne, kando ya moto wa mababu, ulitoka mjini, katika zama za magari na sinema, mikononi mwa vijana waliokuwa wakipiga roki. Yaliyomo ndani yake ni mambo ya kijiji: mvua inakuja, watoto waitwa, mifugo haina budi kurudishwa nyumbani kabla mawingu hayajapasuka. Lakini kukikumbuka kijiji ukiwa mjini ni kazi ya mtu wa mjini, na huzuni iliyomo katika wimbo ule, huzuni ambayo mchungaji halisi mwenye haraka ya kukwepa mvua hana nafasi ya kuwa nayo, ni huzuni ya mtu aliye mbali na zizi analoliimba.

Baada ya hapo, mwaka 1979, alishiriki kuunda bendi ya African Heritage, iliyokuwa chini ya nyumba ya sanaa ya jina hilo, ambayo Alan Donovan, Mmarekani, aliifungua Nairobi mwaka 1972 pamoja na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa muda mfupi mwaka 1966. Seda alikuwa na kipaji cha kuigiza pia, na yeyote aliyeitazama Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 iliyojizolea tuzo 7 za Oscar, amemwona Job Seda akicheza nafasi ya Kanuthia, hata kama hakujua ni nani anayemtazama. Nayapita hayo upesi. Jambo kubwa la miaka ile ni kwamba mpiga roki alianza kuielekea nyatiti.

Nyatiti ni kinubi cha Wajaluo, na sisi wa Mwanza, ambao ndugu zetu wa Shirati na Utegi wamekaa nasi muda mrefu katika mitaa yetu na katika mialo yetu, hatupaswi kuizungumzia kama kitu cha ghaibu. Mwili wake ni bakuli la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili hutoka humo na kuunganishwa juu kwa mti wa kukingama, na kutoka mti huo hushuka nyuzi 8. Zamani nyuzi hizo zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ule ule uzi ambao mvuvi hununua dukani kwa ajili ya ndoana zake, hata yaweza kusemwa pasipo kutia chumvi kwamba ziwa lenyewe limeingia katika ala. Mpigaji huketi chini au juu ya kigoda kifupi, ala ikilala ubavu mbele yake. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete nene ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa mti, na kifundo cha mguu huo huo kimefungwa njuga. Hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja, na wazee wa Kijaluo huzihesabu zile nyuzi 8 kwa mafungu mawili, 4 za kuingia duniani na 4 za kutoka.

Kwa ada, jathum, yaani bingwa wa ala hii, alikuwa mtu wa hadhara. Aliitwa matangani na katika majilisi ya pombe, akawasifu wafu na kuwasifu walio hai waliomtuza, akajisifu na yeye mwenyewe kwa majina ya fahari, akapaza sauti ili ashinde vilio na vicheko vya umati. Mwendo wake ulikuwa wa kasi, pete ikigonga bila huruma. Hakuwa mtu wa kujinong'oneza. Na kumbe yeye naye, sawasawa na manju wa Kisukuma, aliitia saini kazi yake kwa kinywa chake mbele ya mashahidi. Mtu hakuondoka matangani akisema kuwa nyimbo za usiku ule zilikuwa za kale zisizo na mwenyewe.

Kasi hiyo ya nyatiti ndiyo iliyorithiwa na muziki wa benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 katika upande wetu wa mpaka, karibu na Shirati, alivuka kwenda Kenya na kuihamishia kasi ile katika gitaa la umeme, nyuzi zikifukuzana kwa namna ambayo masikio ya Kijaluo hayakuweza kukosea asili yake. Na bendi yake ya Shirati Jazz ikawa jina kubwa katika pwani yote ya ziwa, wakati ule ambapo meli zilikuwa zikizunguka kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza na Bukoba chini ya shirika moja la nchi tatu, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Misiani aliichukua nyatiti akaitia katika gitaa ili watu wacheze. Ogada alifanya kinyume chake, na kwa maoni yangu jambo gumu zaidi: aliuchukua ule utulivu wa mwimbaji wa roki laini, anayemwambia msikilizaji mmoja jambo la moyo mmoja, akautia katika nyatiti.

Mwaka 1986 alikwenda Uingereza akiwa na ala yake, na kwa muda akawa anapiga katika vituo vya reli za chini ya ardhi za London, akiishi kwa sarafu za wapita njia. Mara nyingi nimeufikiri muda ule. Mpita njia wa London hakujua Kijaluo. Hakuwa na marehemu wa kusifiwa wala ukoo wa kutajwa. Hakusimama zaidi ya nukta chache. Mbele ya msikilizaji wa namna hiyo sifa zote za jathum hazina kazi, na kinachobaki ni sauti yenyewe, utamu wa uzi, na nafasi ya kimya kati ya uzi mmoja na mwingine. Nadhani ni pale, katika mapito yale ya vigae na upepo wa treni, ndipo nyatiti ya kunong'ona ilipokomaa. Waliokuwa wakitafuta wanamuziki kwa ajili ya WOMAD, tamasha lililoasisiwa na Peter Gabriel na wenzake, walimsikia, na mwaka 1988 akapanda jukwaa lao huko Cornwall. Baadaye alizunguka na Gabriel katika ziara zake, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa santuri yake, En Mana Kuoyo, yenye nyimbo 10, na Kothbiro ikiwa mojawapo.

Mwenye kutaka kujua alichokifanya mtu huyu na aisikilize Kothbiro kwa makini. Mwendo umepunguzwa hata nyuzi zinasikika moja moja, kila moja ikiachwa itetemeke mpaka ikome kwa hiari yake. Sauti haipandi kutafuta umati; inakaa chini, karibu na kifua, na mara kwa mara maneno huacha kuwa maneno yakawa mwito mrefu tu, mfano wa mtu anayeita kutoka mlangoni na hajui kama waitwao wanasikia. Huo sio mtindo wa matanga ya Kijaluo. Wala sio roki ya mwaka 1976, ingawa wimbo ni ule ule. Ni kitu cha tatu, ambacho hakikuwapo kabla mtu huyu hajakifanya, na kimepatikana kwa kuacha: aliiacha kasi, akayaacha majigambo, akaliacha gitaa alilokuwa amejifunza kulipenda. Upole ule haukuwa hulka ya Afrika wala tabia ya ala. Jathum yeyote wa Siaya angeweza kushuhudia kwamba ala ile ina makelele ya kutosha ukiitaka ipige makelele. Upole ulikuwa hukumu ya mtunzi, aliyoifikia baada ya kupima mambo mengi katika mizani yake mwenyewe.

Walimwengu hawakuliona hilo. Waliposikia nyuzi 8 na lugha wasiyoijua, walidhani wamesikia sauti ya bara zima likiota usingizini, na wale waliotaka kumpa heshima kubwa walimwita mlinzi wa mila. Mlinzi hulinda kilichokuwapo. Mtunzi huleta kisichokuwapo. Carole King alipoimba juu ya nyumba iliyo mbali, hakuna aliyemwambia kuwa anahifadhi urithi wa kale wa kabila lake. Walisema ni mtunzi, wakamwandika kwa jina, wakamlipa kwa jina. Fernando Meirelles alipoitengeneza filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, kutokana na kitabu cha John le Carré, akaitia Kothbiro ndani yake, watu wengi katika miji mingi walitoka sinemani wakiwa wameubeba wimbo ule vifuani. Rachel Weisz alipata Oscar kwa kazi yake katika filamu ile, na alistahili. Mwimbaji aliyewaliza watazamaji alibaki, kwa wengi wao, mandhari ya Afrika, pamoja na vumbi na machweo.

Kuna kisa ambacho hunijia kila nifikiripo jambo hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki kurekodi nyimbo, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis katika nchi ya Kericho wakiimba juu ya kiumbe aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, ambaye walimbembeleza acheze. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika katika milima yao pamoja na gramafoni. Wasichana wale hawakuwa na njia ya kujua mtu yule ni nani, wakamfanya kiumbe wa hadithi. Lakini hata katika kumgeuza swala, jina lake walilihifadhi, wakaliweka katikati ya wimbo, likaitwa na kuitwa tena. Ukarimu wa wasichana hao, ambao hawakuwa na vitabu wala sheria za hakimiliki, unawashinda mabingwa wengi waliopokea wimbo wa Ogada wakiwa na kila njia ya kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenyewe hakujitangaza. Kwamba baada ya mwaka 1993 hakuharakisha kutoa santuri nyingine, kwamba hakuwa na haja na ghasia za biashara, na kwamba mnamo mwaka 2007 alirejea nyumbani akaishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, badala ya kubaki Ulaya ambako jina hutengenezwa. Hayo ni kweli, nami simwoni kuwa mwenye hatia. Mtu anayetunga kwa kupunguza hawezi kutarajiwa aishi kwa kuzidisha. Hata hivyo hakuwa ameacha kazi: mwaka 2015 ilitoka santuri ya Kodhi, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Trevor Warren wa Uingereza, nyatiti na gitaa zikiwa tena chumba kimoja, na nawasihi wale wanaoijua Kothbiro peke yake waitafute, wapate kumsikia mtunzi aliyekwisha kuzeeka akiendelea kutafuta.

Hapa Mwanza tuna sababu zetu za kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Vijana wetu wanaotunga leo, katika vyumba vidogo vya kurekodia vya Kirumba, Igoma na Mabatini, wengi wao wakiwa na ala za asili katika tarakilishi zao, zilizochukuliwa kutoka kwa wazee ambao hakuna aliyewauliza majina, watajikuta siku moja katika upande mmoja au mwingine wa dhuluma ile: ama watamtumia mtu kama urithi usio na mwenyewe, ama watatumiwa hivyo. Manju wa Bujora hana haja ya kuambiwa, kwa sababu kwake wimbo bila jina ni wimbo ulioibwa. Lakini elimu hiyo haijavuka vizuri kutoka uwanjani hadi studio, na watangazaji wetu wa redio, ambao humtaja mwimbaji wa ng'ambo kwa jina lake na la baba yake, bado huupiga wimbo wa Kisukuma au wa Kijaluo na kusema tu kwamba ni wimbo wa asili.

Tarehe 1 Juni 2018 Kanye West wa Marekani alitoa albamu ambayo ndani yake umo wimbo wa Yikes, uliojengwa juu ya kipande cha Kothbiro. Na kipande hicho hakikutoka katika santuri ya nyatiti ya mwaka 1993, bali katika ile ya Black Savage ya mwaka 1976, yenye gitaa za umeme, ambayo kwa miaka zaidi ya 40 wengi waliomsifu Ogada kama sauti ya kale hawakujua kuwa ipo. Katika orodha ya watunzi wa Yikes yakaandikwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada, yakiwa sawa na mengine yote, kwa jinsi sheria inavyotaka waandikwe watu waliotunga kitu. Ogada aliishi miezi 8 baada ya hapo. Alifariki tarehe 1 Februari 2019, Nyahera.